Msaada wa kuasili wa kaunti moja ya Ohio: nyota nne na nusu kwa pesa, mbili kwa dirisha la mapokezi

Nianze na nyota kabisa, maana najua wengine mtasoma hapo tu mwondoke. Pesa na bima ya msaada wa kuasili: nyota nne na nusu kati ya tano. Ofisi yenyewe, yaani mapokezi, simu na barua zao: mbili, na hapo nimewaonea huruma. Kikao cha makamishna wa kaunti, ambako pesa hizo hupitishwa pamoja na makalavati na njia za waenda kwa miguu: tatu na nusu, na nawashauri mwende hata kama hamna mpango wa kuasili mtoto.

Mimi ni dereva wa basi la shule, mzaliwa wa Muheza, na sasa makazi yangu ni Ohio, Marekani. Mimi na mke wangu tumeasili watoto wawili, kaka na dada yake mdogo, kupitia idara ya huduma za watoto ya kaunti tunayoishi. Kaunti siitaji kwa ajili ya watoto hao. Ohio ina kaunti 88, anayetaka kubahatisha na abahatishe.

Kwanza huduma yenyewe, kwa sababu nimeulizwa sana msikitini na kwenye maharusi, na kila mtu ana uvumi wake. Msaada huu chanzo chake ni sheria ya serikali ya shirikisho ya mwaka 1980, iliyosainiwa na Rais Jimmy Carter. Kabla ya hapo, sehemu nyingi kulikuwa na kituko: mlezi wa muda aliyekabidhiwa mtoto na serikali alilipwa kila mwezi, lakini siku akisema "huyu sasa nataka awe wangu moja kwa moja," malipo yanakatika. Mwenye kipato kidogo akabaki mlezi wa muda miaka nenda miaka rudi, na mtoto anakua hajui yeye ni wa nani. Sheria ikasema mtoto ambaye ni vigumu kumpatia familia, akiasiliwa, malipo yaendelee, na kadi ya matibabu ya Medicaid imfuate; baadaye ikaongezwa kwamba gharama za mara moja kama wakili na mahakama zirudishwe, hadi dola 2,000 kwa mtoto mmoja. Malipo hufika hadi mtoto atimize miaka 18, na kwa mwenye ulemavu yanaweza kwenda hadi 21. Mkihama jimbo, mkataba unahama nanyi.

Watu wakisikia "vigumu kumpatia familia" wanadhani ni mtoto mgonjwa tu. Umri unahesabika, na ndugu ambao hawatakiwi kutenganishwa wanahesabika pia. Wetu waliingia kwa mlango huo wa kuwa wawili, na baadaye mdogo akaongezewa sababu nyingine upande wa kusema na kusikia. Na hawakupimi mshahara ili wakukatae. Hali ya familia inaangaliwa wakati wa kupanga kiasi, lakini hakuna kile kikomo cha kipato tulichozoea kwenye stempu za chakula, ule msaada wa chakula wa serikali. Nina rafiki muuguzi, mshahara wake mzuri tu, alikaa miaka bila kuuliza kwa kuamini msaada huu ni wa maskini.

Ingawa sheria imetoka Washington, Ohio imeziachia kaunti kazi ya kuiendesha. Jimbo linasimamia, kaunti inatenda. Ndiyo maana jirani yako wa kaunti ya pili atakusimulia mambo tofauti kabisa na niliyokutana nayo mimi, na wote wawili tutakuwa tunasema kweli.

Sasa aibu. Watu wetu hukwama hapo kuliko kwenye fomu. Mama mkubwa wangu aliyeko Muheza alipopata habari alipiga simu ya video, akauliza mbele ya kila aliyekaa barazani: "Kwa hiyo mwanangu, mnalipwa kulea?" Kwa alivyolitamka, ungedhani tumefungua genge la kuuza watoto. Mke wangu akaichukua simu mkononi mwangu. "Shikamoo mama. Wewe uliwalea watoto wa marehemu mjomba. Kila mavuno nani alikuwa anakuletea gunia la mahindi?" Mama mkubwa akajibu, "Baba zao wadogo." "Basi huku baba mdogo ni kaunti." Baraza zima likacheka, na tangu siku hiyo mama mkubwa hutuuliza kama "baba mdogo" ameshaleta mahindi ya mwezi huu.

Nalisema hili kwa sababu nimeona watu wanasaini makaratasi ya sifuri. Ndiyo, upo mkataba wa dola sifuri, na wenyewe una faida yake: kadi ya matibabu inabaki, na mlango wa kuomba pesa baadaye unabaki wazi. Lakini kuna mtu alisaini sifuri kwa sababu aliona aibu kutaja pesa mbele ya mgeni, na mtoto ana miadi ya daktari kila mwezi. Hiyo aibu inalipwa na mtoto.

Kiasi cha mwezi hakijapangwa mahali popote kwamba mtoto fulani ni dola fulani. Mnakaa, mnazungumza, mnakubaliana. Kikomo ni kimoja: hakiwezi kuzidi kile ambacho kingelipwa kama mtoto angebaki kwenye malezi ya muda. Siku ya mazungumzo yetu yule dada wa idara alikuja nyumbani na karatasi moja. Kiasi kilikuwa kimeshaandikwa kwa wino wa bluu, na mahali pa kusaini ameshabandika kile kikaratasi cha njano chenye mshale. Chai ikaja, maandazi yakaja, watoto wakamzunguka. Hapo ndipo adabu ya kwetu inapotumaliza: mgeni ameketi sebuleni kwako, amekula andazi lako, utaanzaje kumwambia hesabu yake ni ndogo?

Mke wangu akatoa daftari la shule lenye jalada jeusi. Alikuwa ameliandika tangu watoto walipofika kwetu kama watoto wa malezi ya muda. Safari za hospitali ya watoto mjini, saa moja na nusu kwenda tu, na mafuta ya gari. Miwani ya mkubwa, iliyovunjika, na nyingine, iliyovunjika. Nepi za usiku za mtoto ambaye umri wa nepi ulishapita. Siku alizoondoka kazini baada ya shule kupiga simu, na ujira uliokatwa. Mtaalamu wa matamshi aliyekubali kadi, na yule mwingine, mzuri zaidi, ambaye hakukubali. Akasoma taratibu, kwa Kiingereza chake chenye lafudhi ya Tanga, bila kupandisha sauti wala kulalamika. Yule dada akaacha kunywa chai. Akauliza kama anaweza kupiga picha kurasa zile kwa simu. Kiasi kilichorudi wiki hiyo hakikuwa kile cha wino wa bluu.

Siitaji tarakimu, ni mambo ya watoto. Ila sikilizeni: yule dada hakuwa mtu mbaya. Alileta namba ambayo ofisi yake huanza nayo. Asiyesema kitu anaondoka na namba ya kuanzia. Mkishindwa kuelewana kabisa, una haki ya kusikilizwa na jimbo, na haki hiyo imeandikwa kwenye makaratasi wanayokupa, ukurasa wa nyuma, kwa maandishi ya sisimizi.

Jambo la pili ni tarehe. Mkataba wa msaada lazima uwe umesainiwa na pande zote kabla hakimu hajatoa hukumu ya kuasili. Kabla. Baada ya hapo utaanza kuomba usikilizwe na kuthibitisha kwamba hukuelezwa, na hiyo ni kazi ya mawakili. Kwetu Ohio kesi hizi ziko mahakama ileile inayoshughulikia mirathi, na mtoto aliyezidi miaka 12 lazima mwenyewe akubali kuasiliwa. Sasa Novemba Marekani ni mwezi wa kuasili, na mahakama nyingi huandaa siku maalumu yenye baluni, keki na midoli ya dubu, wapiga picha wapo, wanasiasa wapo. Idara yetu ilitupigia simu kwa furaha kwamba nafasi imepatikana siku hiyo. Mkataba ulikuwa bado haujasainiwa na upande wao. Tukawaambia asanteni, tutasubiri. Waliona tumewaharibia sherehe. Tulienda Januari, siku ya theluji, hakuna baluni, hakimu akampa mdogo nyundo yake agonge meza, akagonga mpaka ikabidi anyang'anywe.

Majina yao ya ukoo tumeyaacha yalivyo. Hilo linawezekana, mwambieni wakili mapema. Kwa sisi Waislamu, ambao nasaba ya mtoto hatuibadilishi, ni jambo kubwa, na hakimu hakuuliza hata swali la pili.

Nije kwenye nyota mbili. Mapokezi yao yana kioo kinene chenye matundu ya kusemea yaliyowekwa usawa wa kifua, kwa hiyo mtu mzima unainama kama unamwambia siri karani, na wote walio nyuma yako wanaisikia. Simu yao inakupitisha kwenye chaguo la kwanza mpaka la tisa, kisha inakupeleka kwa mtu aliyeko likizo. Malipo yetu ya mwanzo yalichelewa kwa sababu anwani ya zamani ilikuwa bado kwenye kompyuta, na kila niliyemuuliza alisema kubadilisha anwani ni kazi ya dawati jingine. Haya yote mtu anayavumilia.

Nisilolivumilia ni la lugha. Jirani yetu, mama wa Kikongo aliyepitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, analea watoto wa marehemu dada yake. Aliitwa idarani kuzungumzia karatasi za mahakama. Alirudi analia: "Balisema mutoto ndiye atatafsiri." Mtoto mwenyewe ana miaka kumi, na yaliyokuwa yakitafsiriwa yanamhusu yeye na mama yake aliyefariki. Ofisi inayopokea pesa za serikali ya shirikisho inawajibika, kwa Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, kumhudumia asiyejua Kiingereza kwa namna ataelewa, bure, na huduma ya mkalimani wa simu wanayo; nimeiona karatasi yake imebandikwa ukutani nyuma ya karani, na Kiswahili kimo kwenye orodha. Tulipoenda naye mara nyingine tukaonyesha kidole kwenye neno Kiswahili, mkalimani akapatikana baada ya muda mfupi tu, mama mmoja mwenye sauti ya Bujumbura. Kwa hiyo uwezo wanao. Onyesheni kidole.

Na sasa swali ambalo wachambuzi wa huduma za serikali huliruka: bei. Pesa hizi hazidondoki. Kwa mtoto anayetimiza masharti ya shirikisho, Washington hulipa takriban asilimia 64 ya malipo yake hapa Ohio. Kinachobaki ni cha jimbo na kaunti, na kwa kaunti nyingi fungu hilo hutoka kwenye kodi ya majengo, kupitia tozo maalumu ya huduma za watoto ambayo wananchi wanaipigia kura. Si kaunti zote zina tozo hiyo. Hesabu yake hapa Ohio ni hivi: nyumba yako inatozwa kwa asilimia 35 ya thamani ya soko, na mili moja ni dola moja kwa kila dola 1,000 za thamani hiyo inayotozwa. Nyumba ya dola 200,000 basi inahesabiwa 70,000, na tozo ya mili moja ni dola 70 kwa mwaka. Mimi mwenyewe nalipa, na mwenye nyumba wangu wa zamani alikuwa anailipa kupitia kodi yangu ya pango, ingawa alipenda kusema wapangaji hawachangii kitu.

Hapo ndipo nilipoanza kwenda kwenye kikao cha makamishna. Kinafanyika asubuhi ya siku ya kazi, wakati watu wengi wapo kazini, lakini dereva wa basi la shule baada ya mzunguko wa asubuhi ana nafasi mpaka mchana. Basi linarudi yadi, mimi naenda na chupa yangu ya chai. Kaunti nyingi za Ohio zina makamishna watatu wa kuchaguliwa. Sheria ya mikutano ya wazi inakuruhusu kuingia na kusikiliza. Kukuruhusu useme ni hiari ya makamishna, na wetu wanatoa dakika chache mwanzoni. Ajenda yao huwekwa mtandaoni, na ndiyo karatasi ya kusoma.

Mara ya kwanza nilishangaa jinsi mambo yanavyopita. Kiapo cha bendera, sala fupi, kisha katibu anasoma maazimio kwa namba, mmoja anatoa hoja, mwingine anaunga mkono, ndiyo, ndiyo, ndiyo, imepita. Ukurasa mmoja tu ulikuwa na kuhamisha fedha kwenda fungu la msaada wa kuasili, kubadilisha kalavati lililooza kwenye barabara ya kaunti, zabuni ya lami, ombi la pesa za njia ya waenda kwa miguu, na chakula cha mbwa wa sherifu. Mbwa ndiye aliyezungumziwa kwa muda mrefu zaidi, na kila mtu alikuwa na hadithi ya mbwa wake.

Siku moja mzee mmoja mwenye kofia ya kampuni ya mbegu za mahindi alisimama akawaka: mnamwaga lami wakati watoto waliokosa walezi wanalala kwenye makochi ya ofisi ya idara! Akapigiwa makofi, na nami mkono uliniwasha nipige. Lakini hoja yake haikuwa na pa kufika, na ni vizuri watu wetu mjue kwa nini, ili mkisimama pale msimame na hoja yenye miguu. Pesa za barabara za kaunti hutoka kwa sehemu kubwa kwenye kodi ya petroli, ambayo Ohio ni senti 38.5 kwa galoni tangu Julai 2019, pamoja na ada za namba za magari. Katiba ya Ohio, ibara ya 12, kifungu cha 5a, inakataza pesa hizo kutumika nje ya mambo ya barabara. Makamishna hata wakitaka kumnunulia mtoto kitanda kwa pesa za lami, hawawezi. Makalavati na madaraja huongezewa nguvu na mpango wa jimbo wa hati fungani, ulioanza kwa kura ya mwaka 1987. Mei 2025 wapiga kura waliuongeza tena, dola bilioni 2.5 kwa miaka kumi. Huo nao ni wa barabara, madaraja, maji, mitaro na taka tu.

Kwa hiyo anayetaka watoto wapate zaidi aulize juu ya fungu la watoto: tozo inaisha lini, inaleta kiasi gani, na makamishna wanaongezea nini kutoka fungu kuu. Niliuliza hayo. Kamishna mmoja alinitazama kama basi limeanza kuzungumza, lakini alijibu, na mhasibu wa kaunti akanitumia jedwali kwa barua pepe siku iliyofuata. Nyota tatu na nusu zimetoka hapo. Nusu nyingine ningeiongeza kama wangefanya kikao kimoja kwa mwezi jioni.

Makalavati nayo siyadharau. Mwenzangu wa zamu alikuwa na daraja dogo lililowekewa kibao cha uzito, basi lililojaa watoto halikuruhusiwa kupita, na watoto wa upande wa pili walikuwa wanaamshwa mapema kwa sababu ya mzunguko mrefu. Lilipobadilishwa, walipata usingizi wao. Mtoto mwenye mambo mazito nyumbani anayepata usingizi zaidi asubuhi, mwalimu wake anamwona tofauti. Mimi nawaona kwenye kioo cha juu.

Ile njia ya waenda kwa miguu naipa nyota tatu. Ilijengwa kwa ruzuku ya maendeleo ya jamii ya shirikisho, mpango wa tangu 1974, ambao angalau asilimia 70 ya pesa zake lazima ziwanufaishe watu wa kipato cha chini na cha kati. Inapita kwenye zile nyumba za kupanga wanakoishi Wakongo, Wasomali na Wamarekani wa mishahara midogo, ambako kabla yake watoto walikuwa wanatembea pembezoni mwa barabara ya magari, kwenye theluji iliyosukumwa na matrekta. Kazi yenyewe safi. Zege limenyooka, kila kona ina mteremko wa kiti cha magurudumu na yale mabati ya njano yenye vipele ambavyo kipofu huvihisi kwa mguu. Mama mmoja wa Kisomali mwenye mapacha kwenye kigari alinipungia mkono siku ya kwanza kama yeye ndiye aliyeifungua rasmi.

Kisha inakatika. Hatua kadhaa kabla ya kituo changu cha basi, zege linaisha na nyasi zinaanza. Nilienda kuuliza. Jibu ni kwamba hapo ndipo mji unapoishia na eneo la mamlaka nyingine ndogo linapoanza, na ombi la pesa liliandikwa kwa ajili ya upande mmoja tu. Kwenye ramani ya ofisini ni mstari mwembamba wa zambarau. Watoto wanaurukaga kila siku bila kujua. Ombi la kipande kilichobaki linahitaji kikao cha wazi cha wananchi, na siku ya kikao hicho kinachosikilizwa ni viti vilivyokaliwa. Nimeshawaambia wazazi wa vituo vyangu vyote.

Wanaosoma mkiwa nyumbani mtauliza kwetu ikoje. Tanzania kuasili kunasimamiwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anachunguza na kuandika taarifa, Mahakama Kuu inatoa amri. Gharama za kulea baada ya hapo ni za mlezi. Halmashauri zina ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, lakini hiyo ni mikopo ya vikundi na inarejeshwa. Aliyeasili mtoto hana fungu lake humo. Ningekuwa diwani, hapo ndipo ningeanza kupiga kelele.

Na kwa walioko huku wanaotaka kumleta mpwa kutoka Kigoma au Goma na kumwasili kwa kutegemea malipo haya: msijenge nyumba kwenye mchanga. Mtoto asiye raia wala mkaazi wa Marekani, aliyeasiliwa nje au kuletwa kwa ajili ya kuasiliwa, kwa kawaida hayumo kwenye malipo ya mwezi ya mpango huu. Huu ni wa watoto ambao, kwa sehemu kubwa, wamepitia mikononi mwa idara. Na anayelea mtoto wa ndugu yake hapahapa Ohio kimyakimya, bila karatasi, aulize kwanza idara na wakili ni njia ipi inampa mtoto nini, kabla hajasaini chochote cha uangalizi ili tu kesi ifungwe haraka. Jirani yetu Mkongo angekuwa ameshasaini kama si lile la mtafsiri wa miaka kumi.

Zaidi ya kaunti kuna pesa mbili ambazo idara haikututajia mpaka tulipoziuliza. Jimbo la Ohio tangu 2023 linatoa ruzuku ya mara moja: dola 10,000 kwa kuasili, 15,000 kama ulikuwa mlezi wa muda wa mtoto huyo, 20,000 kama mtoto amethibitishwa kuwa na mahitaji maalumu. Na kwenye kodi ya mapato ya shirikisho kuna nafuu ya kuasili, hadi dola 17,280 kwa mwaka wa kodi 2025, ambayo kuanzia mwaka huo sehemu yake, hadi 5,000, hurudishwa hata kama kodi unayodaiwa ni ndogo. Kwa mtoto wa mahitaji maalumu unadai kiasi chote hata kama hukutumia senti, ili mradi una uthibitisho wa jimbo au idara. Aliyetujazia fomu za kodi alikataa katakata kwamba kitu hicho kipo, akitaka risiti. Mke wangu akamwekea mkataba wa msaada juu ya fomu namba 8839, akamwambia asome maelekezo taratibu, sisi tunasubiri.

Kila mwaka idara hutuma barua ya kuthibitisha kwamba bado mnawajibika kwa mtoto na kwamba anahudhuria shule. Irudisheni siku hiyohiyo, kwa mkono, mgongewe muhuri wa kupokelewa. Kwenye swali la shule mimi huwa najaza kwamba nampeleka mwenyewe, na watoto wengine arobaini na kitu.

Mkataba pia unaweza kufunguliwa mahitaji yakibadilika. Mdogo sasa ameandikiwa vifaa vya masikio na mafunzo yanayoambatana navyo, na tumeshapeleka ombi jipya pamoja na daftari jipya, hili lina jalada la kijani. Wameahidi kutupigia simu. Majibu yakija nitaongeza hapa chini, na zile nyota mbili za ofisi zinaweza kupanda au kushuka.